Ufa wa Pembeni Hauzibwi kwa Mwiko Peke Yake

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii imekaririwa na wazazi, walimu na wanasiasa hata imechakaa kama noti iliyopita mikono mingi, na mara nyingi hutumiwa kumhimiza mtu afanye haraka. Hata hivyo, wahenga walioitunga walikuwa watu wa kujenga kwa mikono yao wenyewe, na hatudhani walikusudia kwamba kila ufa ukionekana mtu achote saruji, aupachike, kisha akalale usingizi. Zipo nyufa ambazo zikizibwa leo hufunguka mwakani mahali pale pale, pana zaidi kidogo, na mwenye nyumba huziba tena na tena, hadi siku anapokaa chini kupiga hesabu na kutambua kuwa gharama ya kuziba imekwisha pita gharama ya ukuta.

Twazungumzia hasa zile nyufa za pembeni, zinazotokea pale kuta mbili zinapokutana. Ni nani kati yetu asiyezijua? Sikukuu ikikaribia, fundi huitwa, lipu hurekebishwa, rangi hupakwa, na wageni husifu nyumba ilivyopendeza. Mvua za masika zikipita, mstari ule ule huchungulia chini ya rangi mpya kama mdeni asiyechoka kubisha hodi.

Hivi majuzi mwandishi wa safu hii alifika Kilelengwani, kijiji kilichoko katika delta ya Mto Tana, eneo bunge la Garsen, upande wa kuelekea Kipini. Alikaribishwa katika nyumba ya vyumba viwili, ya matofali ya saruji na paa la mabati, ambayo mwenyeji wake, mzee mfugaji, aliijenga kwa fedha za mafahali aliowauza mnadani Garsen. Chai ya maziwa ilipokwisha kunywewa, mzee alinyanyuka akaielekeza bakora yake kwenye pembe ya chumba iliyo upande wa mtoni. Ufa ulianzia juu, chini kidogo ya mabati, ambako kidole kingeingia, ukashuka ukizidi kuwa mwembamba hadi ukapotelea karibu na sakafu.

"Huu nimeuziba mara nne, mwanangu," alisema. "Fundi wa kwanza alisema saruji ilikuwa kidogo. Wa pili akasema mchanga ulikuwa mbaya. Wa tatu akasema wale wawili hawajui kazi."

"Na wa nne, mzee?"

"Wa nne hakusema neno. Alichukua pesa."

Tulicheka, lakini kicheko hicho hakikudumu, na yafaa msomaji aelewe ni kwa nini. Itakumbukwa kwamba mnamo tarehe 10 Septemba 2012 kijiji hiki kilivamiwa alfajiri katika mapigano yaliyozikumba jamii za Waorma na Wapokomo mwaka ule. Watu 38 waliuawa, wakiwemo maafisa tisa wa polisi, na nyumba zaidi ya mia moja zikateketezwa kwa moto. Siku chache kabla ya hapo damu ilikuwa imemwagika Chamwanamuma, na mwezi uliotangulia, huko Riketa, watu zaidi ya hamsini walikuwa wamepoteza maisha. Serikali iliunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Grace Nzioka. Waliorudi Kilelengwani walijenga upya. Wengi wao hawakujenga kama zamani. Walitaka ukuta usioshika moto, ukuta ambao mtu akiwa ndani yake atalala. Kwa hiyo tunapouona ufa katika pembe ya nyumba kama hiyo, hatuoni kasoro ya lipu tu. Tunaona akiba yote ya familia, ng'ombe wake na matumaini yake, ikifunguka polepole kwenye kona.

Wako watakaotaka tuufananishe ufa huo na uhusiano wa majirani wa delta. Safu hii haitafanya hivyo. Waliozika watoto wao hawahitaji mifano ya waashi, na ukuta una mambo yake yanayotosha kujaza ukurasa.

Basi tuanze chini, maana fundi wote wanne walianzia juu. Sehemu kubwa ya delta ya Tana ni udongo wa mfinyanzi mzito, mweusi, ulioletwa na mto kwa maelfu ya miaka. Wafugaji na wakulima wanaujua vizuri kuliko wahandisi. Wakati wa kiangazi hukauka na kupasuka nyufa ambazo ndama anaweza kuvunjika mguu ndani yake. Mvua zikinyesha hunywa maji, hufura, hujifunga na kuwa tope linaloshika gurudumu la trekta lisinasuke. Udongo huo hupanda na kushuka, na chochote kilichosimama juu yake hupanda na kushuka pamoja nao. Mwendo huo hauishii juu juu. Mara nyingi hufika kina cha mita moja hadi mbili, na pengine zaidi. Msingi uliochimbwa kwa kina cha goti umo katikati ya ngoma hiyo.

Sasa kwa nini pembeni, wala si katikati ya ukuta? Jibu ni rahisi likishaelezwa. Udongo ulio chini ya katikati ya nyumba umefunikwa na sakafu na paa. Unyevu wake haubadiliki sana. Udongo ulio ukingoni hupigwa na jua na kunyeshewa. Ule ulio chini ya pembe umeachwa wazi pande mbili, kwa hiyo hulowa upesi kuliko mwingine wowote na kukauka upesi kuliko mwingine wowote. Pembe ikishuka huku ukuta uliobaki umetulia, kitu ni lazima kikatike, na hukatika pale penye udhaifu: kwenye maungio ya kuta mbili, au kwenye ncha ya dirisha lililo jirani. Ndiyo maana ufa wa mzee wetu ulikuwa mpana juu na mwembamba chini. Pembe yake inainama kwenda nje, kama kitabu kinachofunguka, na saruji inayojazwa ndani ya ufa haina uwezo wa kuurudisha udongo mahali pake.

Juu ya hayo kuna mto wenyewe. Wazee wa delta huhesabu miaka kwa mafuriko: yale ya 1961, ya mvua za El Nino za 1997 na 1998, ya 2018, ya mwishoni mwa 2023, na ya Aprili na Mei 2024 ambayo yaliikata hata barabara ya kutoka Garsen kwenda Witu na Lamu katika sehemu ya Gamba. Walio mbali hudhani kwamba mabwawa yaliyojengwa juu ya mto huo, kuanzia Kindaruma mwaka 1968 hadi Kiambere mwaka 1988, yamekwisha kuufunga kamba. Yamebadilisha mwendo wake, hilo ni kweli, lakini mvua ikizidi kule juu, maji hushuka hadi delta. Nyumba iliyosimama ndani ya maji kwa wiki tatu, kisha ikaachwa kwenye jua la miezi minne, imepata katika msimu mmoja misukosuko ambayo nyumba ya Nairobi haiipati katika miaka kumi.

Hapa mtu atauliza: je, waliotutangulia waliishi vipi katika udongo huu? Swali hili ni zuri, na jibu lake linatuaibisha kidogo. Nyumba ya jadi ya Waorma ilikuwa ya fito zilizopindwa na kuezekwa kwa nyasi, kazi ya mikono ya akina mama, na ilikuwa ya mviringo. Nyumba isiyo na pembe haina ufa wa pembeni. Udongo ukipanda, fito hupinda, ukishuka, hurudi. Nyumba za udongo za vijiji vingine vya mto na pwani zilikuwa na pembe, lakini zilijengwa kwa nguzo na fito zilizofungwa kwa kamba, kisha zikakandikwa. Kiambaza cha namna hiyo hupasuka, tena sana, ila ufa wake ni wa ngozi, hauingii mfupani. Kila mwaka baada ya mavuno udongo hukandwa upya, pengine pamoja na kinyesi cha ng'ombe, ukuta husiribwa, na gharama yake ni jasho la siku moja.

Hata wale waliojenga kwa mawe walikuwa na hekima yao. Karibu na Kipini pana magofu ya Ungwana, mji wa kale wa Waswahili ambao James Kirkman aliuchimbua katika miaka ya 1950. Kuta za miji kama hiyo zilijengwa kwa matumbawe na chokaa, juu ya ardhi ya pwani iliyo imara zaidi kuliko tope la delta. Chokaa ilipatikana kwa kupanga magogo tabaka kwa tabaka na kuyachoma pamoja na matumbawe; mawe yaliyoungua yalizimwa kwa maji, na chokaa ikaachwa kwa miezi mingi kabla ya kutumiwa. Ni kazi ya subira. Faida yake ni kwamba chokaa ni laini kuliko saruji: ukuta ukijisogeza kidogo, huifuata. Zaidi ya hayo, maji ya mvua yakipenya kwenye ufa mwembamba huyeyusha chokaa kidogo na kuiacha humo inapokauka, hata ufa ukajifunga wenyewe baada ya muda. Saruji haina huruma hiyo. Ni ngumu, ina nguvu, na ikishindwa hukatika.

Hatusemi saruji ni adui. Ingekuwa unafiki, kwani ofisi tunamoandikia maneno haya imejengwa kwa hiyo hiyo saruji. Tunachosema ni kwamba saruji ilipokuja ilipaswa kuja na kanuni zake, nasi tukaipokea bila hizo. Tukaichukua nyumba ya pembe nne, tukaiweka juu ya udongo unaopumua, kwa msingi uleule tuliokuwa tukiuchimbia nguzo za kiambaza. Wengine walifanya vibaya zaidi: walipaka lipu ya saruji juu ya ukuta wa udongo. Udongo hufura na kusinyaa, saruji haifuri wala haisinyai kwa kiasi hicho. Kwa hiyo ganda lile huachana na ukuta, maji huingia nyuma yake yasipate pa kutokea, na siku moja kipande kizima huanguka juu ya kitanda.

Yafaa basi mwenye nyumba ajue kuusoma ufa kabla ya kumwita fundi. Ufa mwembamba kama unywele, uliotawanyika kama utando wa buibui, kwa kawaida ni wa lipu tu. Ilikaushwa haraka na jua kwa sababu haikumwagiliwa maji kwa wiki moja kama inavyotakiwa, au saruji ilizidishwa kwa kudhani kuwa wingi ni nguvu. Huo usikukoseshe usingizi. Ufa unaopanda kwa mshazari kutoka ncha ya dirisha, au unaofuata pembe kutoka juu hadi chini, na hasa ule unaoonekana ndani na nje ya ukuta mahali pamoja, huo unatoka msingini. Ukiwa chini ya milimita tano, pana nafasi ya kujirekebisha kwa gharama ndogo. Ukipita hapo, au mlango ukianza kukwama ambao zamani ulifunguka vizuri, ni wakati wa kumtafuta mtu aliyesomea majengo, si wa kununua mfuko mmoja wa saruji.

Nje ya nyumba pia pana mengi ya kuonwa. Katika ile nyumba ya Kilelengwani, mabati hayana mfereji wa kukinga maji, na maji yote ya upande ule wa paa humwagika kwenye pembe ile ile yenye ufa. Hatua chache kutoka hapo pana pipa la maji linalovuja. Upande wa pili umepandwa mwarobaini, mti tunaoupenda kwa kivuli na dawa, lakini ambao mizizi yake wakati wa kiangazi hunyonya unyevu uliobaki chini ya ukuta. Pembe moja inanyweshwa kupita kiasi, nyingine inakaushwa kupita kiasi. Mafundi wanne walipita katikati ya hayo yote wakiwa wamebeba ndoo zao, na hakuna aliyeinua macho kutazama paa.

Tiba huanza huko. Maji ya paa yakingwe na kupelekwa mbali na msingi; katika nchi yenye kiangazi kama ile, itakuwa ajabu mtu kuyaacha yabomoe nyumba badala ya kuyahifadhi anywe. Pembezoni mwa nyumba pazungushwe ukanda wa zege au udongo ulioshindiliwa, upana wa mita moja hivi, ulioinama kidogo kwenda nje, ili udongo ulio chini ya ukuta usilowe wala kukauka kwa ghafla. Mambo haya mawili yakiisha kufanywa, ufa uachwe msimu mzima utulie. Ndipo uzibwe, na kuziba kwenyewe kuna utaratibu: lipu yote iliyolegea ikwanguliwe, si kufunikwa, ufa upanuliwe kwa patasi hadi penye ukuta mgumu, vumbi litolewe na ukuta uloweshwe, wavu wa waya, ule wa kufugia kuku unatosha, upigwe misumari kukumbatia pembe kwa upana wa shubiri moja na zaidi kila upande, kisha lipu ipigwe kwa tabaka nyembamba. Katika lipu hiyo chokaa irudishwe: sehemu moja ya saruji, moja ya chokaa na sita za mchanga ni mchanganyiko ambao waashi wameutumia miaka mingi, nao ni laini kuliko ule wa saruji tupu. Mchanga wa ufuoni usiooshwa uepukwe, kwani chumvi yake huvuta unyevu na kuisukuma rangi itoke.

Wasomaji wetu wa Mombasa na Nairobi wasidhani kwamba haya ni ya watu wa delta peke yao. Katika nyumba za kupanga za siku hizi, kuta nyingi za ndani na dari hutengenezwa kwa vibao vya jipsamu vilivyopigwa parafujo juu ya fremu za mbao au bati. Mwandishi wa safu hii anaishi katika nyumba ya namna hiyo, na pembe ya sebule yake imepasuka mara tatu tangu ahamie. Huko hakuna udongo mweusi wa kulaumiwa. Fremu hutanuka kwa joto na kujikunja kwa baridi ya usiku, mbao hufura wakati wa mvua, ghorofa nzima hujisogeza kidogo, na pale kibao kinapokutana na kibao kingine au na ukuta wa mawe, vitu viwili vyenye tabia tofauti hulazimishwa kushikana mikono. Fundi mmoja tuliyemlipa alipitisha unga wa jipsamu juu ya ufa kwa kidole gumba, kama mtu anayepaka siagi kwenye mkate, akaondoka katika muda wa nusu saa. Ulirudi kabla ya mwezi kuisha.

Dawa yake inafanana na ile ya delta kwa jambo moja: kukubali kwamba ukuta unasogea. Takataka ya zamani yote ikwanguliwe. Parafujo zikaguliwe, kwani mara nyingi ukingo wa kibao haukushikwa kabisa na fremu. Utepe wa karatasi ukunjwe katikati, ulazwe ndani ya pembe juu ya tabaka nyembamba ya lahamu ya jipsamu, usukumwe hadi usiwe na hewa nyuma yake. Kisha tabaka mbili au tatu nyingine zipakwe, kila moja pana kuliko ya kwanza, na kila moja ikiachwa ikauke kabisa. Subira hiyo ndiyo fundi wetu aliyoikosa. Penye kibao kinachokutana na ukuta wa mawe, afadhali lahamu isitumiwe kabisa. Paachwe mwanya mdogo ujazwe kwa gundi inayonyumbuka, ile ya akriliki inayokubali kupakwa rangi. Mstari mwembamba ulionyooka, uliokusudiwa, hauchukizi macho kama ufa.

Turudi Garsen, kwani huko ndiko lipo jambo linalowahusu wakubwa. Kila baada ya mafuriko, watu wa mto huahidiwa nyumba. Serikali huahidi, mashirika huahidi, na kila ahadi huja na mchoro wake, na mchoro huo mara nyingi ni uleule uliotumiwa penye mawe au penye mchanga mwekundu. Twauliza: ni nani aliyechimba shimo la mita mbili kabla ya kuamua msingi uwe wa kina gani? Kipimo cha udongo si lazima kitoke maabara ya Nairobi. Mafundi wa matofali ya udongo hutumia kisanduku cha mbao chenye urefu wa sentimita 60, upana wa sentimita 4 na kina cha sentimita 4. Hujaza udongo uliolowa, huuanika siku chache, kisha hupima umesinyaa kwa kiasi gani. Kisanduku hicho kinaweza kutengenezwa na mwanafunzi wa chuo cha ufundi kwa asubuhi moja. Hatuoni sababu ya kijiji chochote cha delta kukosa kimoja.

Udongo ukionekana ni wa kufura, njia zinajulikana. Udongo mbaya huchimbwa na kutolewa, mahali pake pakajazwa murami iliyoshindiliwa tabaka kwa tabaka. Au nyumba huwekwa juu ya bamba moja la zege lenye nondo, ili ikipanda ipande yote, ikishuka ishuke yote, kama mtumbwi. Au, kwa uchache, mshipi wa zege na nondo huzungushwa chini ya kuta na mwingine juu ya madirisha, ukikunjwa vizuri pembeni bila kukatwa, ili pembe zisiachane. Hayo huongeza gharama, hatukatai. Lakini mwenye kujenga nyumba mia moja kwa fedha za umma na kuziacha zipasuke katika miaka mitano hakuokoa chochote. Ameuhamisha mzigo kutoka kwa hazina hadi kwa mjane.

Sheria nayo haikosi. Kwa miongo mingi nchi hii ilijenga kwa kanuni zilizowekwa mwaka 1968, zikarekebishwa mwaka 1995 ili kuvipa nafasi vifaa vya mahali kama vile udongo uliotiwa nguvu, na sasa ipo Kanuni mpya ya Kitaifa ya Ujenzi ya mwaka 2024, iliyoanza kutumika mwezi wa Machi 2025. Karatasi zipo. Kinachokosekana ni mkaguzi atakayetoka Hola au Minjila, avuke tope, afike kijijini na kumwambia mwashi kabla ya matofali kupangwa: chimba zaidi, au usijenge hapa. Serikali ya Kaunti ya Tana River, ambayo imekuwapo tangu uchaguzi wa 2013, yaweza kuwafunza waashi wa vijiji, na yaweza kuyaandika haya kwa Kiswahili chepesi na kwa Kiorma na Kipokomo, yenye michoro, yabandikwe kwenye kituo cha chifu. Twasema Kiorma na Kipokomo kwa makusudi. Udongo wa jamii hizo mbili ni mmoja, na hufura kwa wote bila kuuliza ukoo.

Aidha, lisemwe waziwazi kwamba mahali pengine katika delta si pa kujenga nyumba ya mawe kabisa. Wazee walipahama wakati wa maji na kuparudia maji yalipokwisha, na nyumba zao zilikubali kuhamishwa. Kumwambia mfugaji aliyechomewa nyumba mwaka 2012 arudie nyumba ya nyasi ni rahisi kwa mtu anayeandika akiwa mjini, na hatuna ujasiri wa kulisema hilo mbele yake. Lakini kati ya nyasi na zege pana njia nyingine: fremu nyepesi ya nguzo imara juu ya msingi ulioinuliwa, kuta zinazoweza kutengenezwa na mwenye nyumba mwenyewe, na paa la bati linalotoa mvua mbali. Wahandisi wetu vijana, ambao vyuo vikuu vinawatoa kila mwaka, wangefanya vyema kuja kukaa mwaka mmoja delta na kuijaribu.

Kabla ya kuondoka Kilelengwani, mwandishi alimwomba mwenyeji asimwite fundi wa tano kwanza. Walichukua penseli wakapiga mistari mitatu midogo kuukata ufa, mmoja juu, mmoja katikati, mmoja chini, wakapima upana wake kwa rula ya mjukuu, na pembeni mwa kila mstari wakaandika vipimo na tarehe. Kisha kipande cha kioo kilichovunjika kilibandikwa kwa saruji juu ya ufa. Ukuta ukisogea, kioo kitakatika. Mjukuu huyo, aliye darasa la sita, amepewa kazi ya kupima kila mwanzo wa mwezi. Mzee naye alimtuma kijana wa jirani aende kulihamisha lile pipa linalovuja. Habari iliyotufikia wiki iliyopita ni kwamba mstari wa juu umeongezeka milimita moja, ule wa chini haukuongezeka, na kioo bado ni kizima.